Injekta za Kaka

Gari ambalo halijaguswa ni rahisi kulinunulia spea. Unaenda Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaiita Grogan, unataja modeli na mwaka, unapewa. Lakini mtu akishabadilisha ekzosi, filta ya hewa na kupandisha nguvu ya turbo kidogo tu, ule mwaka haukwambii tena kila kitu. Injini inavuta hewa zaidi ya ilivyopangiwa kiwandani, na hewa zaidi inadai petroli zaidi. Isipoipata, mchanganyiko unakuwa na mafuta haba, joto linapanda, injini inaanza kugonga, na pistoni zinapasuka.

Subaru Impreza WRX ya 2002 ninayoendesha si yangu. Ni ya kaka yangu, na hayo mabadiliko ni yake. Alipoenda Qatar kazini aliniachia ufunguo na sentensi moja: usiiuze, usiiue. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na sasa naandikia watu makala kwa malipo. Pampu ya mafuta ilipoanza kulia kama mbu, na gari likawa linakata nguvu kwenye mlima wa kutoka Mai Mahiu, nilikuwa na elfu thelathini, jasho la miezi miwili.

Dukani nilishauriwa upesi. "Bosi, weka injekta kubwa na pampu kubwa. Hii gari itapaa." Nikamwambia acha kwanza nipime.

Fundi wangu alifunga geji kwenye laini ya mafuta. Kwenye gari hili shinikizo la msingi ni kama bar 3, na turbo ikisukuma bar 1 juu yake, geji inafaa kusoma 4. Gari likiwa limesimama, sawa. Tulipolikanyaga mlimani, sindano ilishuka badala ya kupanda. Pampu ilikuwa imechoka.

Injekta tulizitoa zikasafishwa na kupimwa kwa mashine, zote nne zikatoa kiasi kinachokaribiana sana. Kwenye kompyuta ya gari tuliangalia zinakaa wazi kwa muda gani mguu ukiwa chini kabisa. Mafundi wengi hawapendi zivuke asilimia 85 hivi, na hizi zilikuwa bado na nafasi. Za nini basi kubwa? Ukibadilisha injekta lazima kompyuta ipangwe upya, la sivyo kila inapofunguka inamwaga zaidi ya kompyuta inavyodhani. Hiyo ni pesa nyingine, na sikuwa nayo.

Pampu ni tofauti. Mafuta yanayozidi yanarudi kwenye tangi kupitia regyuleta, kwa hiyo pampu yenye nguvu kidogo zaidi haivurugi hesabu. Ila ikizidi mno, njia ya kurudisha inalemewa na shinikizo linapanda hata usipotaka. Nilichagua Walbro ya lita 255 kwa saa, ambayo wenye Subaru wengi wanaijua. Shida ni kwamba feki zake zimejaa, na boksi ni lile lile. Nikakubaliana na muuzaji: tutaipima, ikishindwa inarudi. Lita 255 kwa saa ni lita 4 na robo kwa dakika. Fundi aliipima nje, mbali na moto, kizima moto kando. Ya kwanza ilitoa lita 2 na kidogo. Ikarudi. Ya duka la pili ilipita 4.

Pesa iliyobaki ilienda kwa filta mpya na kipande kifupi cha mpira wa ndani ya tangi. Huo usidharau. Mpira wa kawaida wa petroli umeundwa kubeba mafuta kwa ndani tu. Ukiuzamisha, ngozi yake ya nje inalainika na kupasuka. Tafuta ulioandikwa R10.

Kaka alipiga simu jioni hiyo. "Umeweka injekta gani?"

"Zako."

Alinyamaza kidogo. "Na mlima?"

"Bar 4, haitikisiki."

Vipimo vyote nimeviandika kwenye daftari, na tarehe. Liko ndani ya gari, pamoja na risiti. Nimebaki na shilingi mia nane na makala mbili za kumaliza kabla ya Ijumaa.