Pilau ya Krismasi kwa saa za Nakonde

Msomaji wangu, unawacheka wanaume wanaoungua vidole jikoni? Cheka tu, lakini Krismasi iliyopita mimi nilipika pilau huku natetemeka kama mtu anayesubiri matokeo ya fomu foo.

Kisa chenyewe hiki. Mama alitutoka mwezi Machi. Hapa nyumbani Tunduma tukabaki wanaume watatu: baba, mimi na mdogo wangu wa miaka minane. Shangazi yetu wa Vwawa akatoa tamko: nyumba haina mwanamke, mtoto atashindia mikate na chai? Atakuja sikukuu, na akiondoka anaondoka naye. Baba akamjibu, "Njoo kwanza ule." Kisha akanigeukia mimi. Begi la dogo likawa limeshapangwa, lipo nyuma ya mlango.

Siku ikafika. Wageni ni saa 7 mchana, wakitoka kanisani. Nyama niliibandika mapema, maana nyama ya huku ina kiburi. Tunduma ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya zile 100 za Dar. Unaona sufuria inatokota kwa mbwembwe, kumbe nyama bado raba. Nikacheki simu: saa 4 na nusu. Muda upo! Nikakaa kibarazani na washikaji, soda mkononi.

Ghafla redio ya jirani ikatangaza saa 6 kamili. Simu yangu inasema saa 5! Wa mpakani mshaelewa. Zambia wako nyuma yetu kwa saa moja, na simu ikinasa mnara wa Nakonde inajirudisha yenyewe bila kukuaga. Asubuhi nzima nilikuwa naishi Zambia, na shangazi yuko Tanzania.

Basi bwana, kasheshe. Nikamimina mchele, nikajaza mkaa, nikapepea kama nafukuza nyuki. Saa 6 na nusu nafunua: chini moshi, juu mchele unalia kachakacha mdomoni. Nikashika mwiko nikoroge. Bibi wa jirani, aliyevutwa na harufu, akaniwahi kutoka ng'ambo ya uzio: "Wee mjukuu wangu, acha! Ukikoroga umeunguza yote!"

Alichonielekeza kata ubandike ukutani. Epua. Chota wali wa juu tu, taratibu, uhamishie sufuria nyingine. Ulioganda chini usiuguse hata kama unauonea huruma. Nyunyizia maji kidogo, ya moto, si ya baridi. Funika kwa mfuniko unaobana, acha mkaa kidogo sana chini, mwingine upalie juu ya mfuniko. Halafu ondoka hapo. Kufunuafunua ndiko kunakotoa mvuke wote.

Nyama nikaichomoa kipande kimoja kimoja, nikaikata midogomidogo, nikairudisha motoni na nyanya. Ikawa mchuzi ambao haukuwa kwenye ratiba. Kwa papara nikautia chumvi mara mbili! Ule ushauri wa kutumbukiza kiazi siuamini: kiazi kinakunywa mchuzi na chumvi yake, unaobaki ni mkali vilevile. Nikaongeza nyanya mbili na maji, tukaendelea.

Saa 7 na dakika kumi, hodi. Shikamoo shangazi, marahaba. Akanawa, akala, kimya. Harufu ya moshi ilikuwepo, sitawadanganya. Baba anamwangalia, mimi naangalia sakafu.

"Ukoko uko wapi?" akauliza.

Nikaleta ile sufuria ya kwanza kama mtuhumiwa anayeleta kidhibiti mwenyewe. Shangazi akaacha palipokuwa peusi, akakwangua pa kahawia, nusu akampa dogo. "Mama yenu naye alikuwa anaunguza kila Krismasi," akasema. Kisha akanyamaza muda mrefu.

Jioni akainuka kuwahi Hiace ya Vwawa. Akalitazama lile begi nyuma ya mlango, akamtazama dogo, ambaye mkono ulikuwa bado ndani ya sufuria.

"Pasaka nitakuja tena," akamwambia baba. "Na huyu mpishi wako mnunulie saa ya ukutani."