Picha Zilizosifiwa Mno

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Ubishi wa leo nyumbani kwa shemeji umetuchukua mpaka saa sita usiku. Kila mtu alitakiwa ataje picha moja ambayo dunia nzima inaisifu na yeye haoni sababu. Mjomba akataja Titanic bila hata kufikiri. Shemeji akataja Citizen Kane. Binamu, aliyesomea mambo ya filamu, akataja Jeanne Dielman, ikabidi kwanza atueleze ni kitu gani. Mimi nikataja Out of Africa. Dada akaweka birika chini akaniuliza kama nimekuja kwake kula au kumtukania picha yake.

Tumewekeana masharti. Asiyeitazama picha mpaka mwisho hana kauli. Na anayedai imesifiwa mno aseme imesifiwa na nani, na kwa lipi.

Jumapili, 9 Novemba

Citizen Kane (1941), pamoja na shemeji. Lalamiko lake: stelingi anakufa mwanzoni kabisa, halafu tunakalishwa karibu saa mbili kutafuta maana ya neno lake la mwisho. Sisi tuliolelewa na mabanda ya video na sauti ya Lufufu, mtafsiri wa video, tunajua sheria moja tu: stelingi hafi. Adui ndiye anayekufa, tena dakika za mwisho.

Lalamiko lake la pili ni zito zaidi: haoni jipya. Nami nikitazama kwa macho yake, kweli silioni. Mtu wa karibu na dirisha la mbali vinaonekana kwa ukali uleule, kazi ya mpigapicha Gregg Toland. Dari zinaonekana. Maisha ya mtu mmoja yanasimuliwa na mashahidi wasiokubaliana. Leo tamthilia yoyote ya jioni inafanya hayo. Orson Welles alikuwa na miaka 25 tu, na mambo yake yameigwa hadi yakaonekana ya kawaida. Kwa hiyo mtazamaji wa leo anaambiwa ashangae, na cha kushangaa kimeshaingia katika kila picha aliyowahi kuiona.

Mjomba kwenye simu: "Chema chajiuza, mwanangu." Nikamwambia hii haikujiuza. Magazeti ya tajiri William Randolph Hearst, aliyejiona amechorwa ndani yake, yaliisusia. Iliteuliwa kwa Oscar tisa ikapata moja, ya mswada. Jarida la Uingereza la Sight and Sound lilipoanza kura yake ya kila miaka kumi mwaka 1952, Kane haikuwamo hata kwenye kumi bora. Ya kwanza ilikuwa Bicycle Thieves ya De Sica, picha ya miaka minne tu wakati huo. Kane ikashika kiti kuanzia 1962, isiondoke mpaka 2012, Vertigo ilipoipindua.

Mjomba akasema basi wazungu walichelewa kuelewa. Shemeji akasema walichelewa kuchoka.

Jumanne, 11 Novemba

Nimewaza juu ya kura yenyewe ya Sight and Sound. Kila anayealikwa kupiga kura anaandika picha kumi, na kila picha inapata kura moja; ya kwanza kwenye orodha yake haizidi ya kumi. Maana yake inayoongoza ni ile iliyomo kwenye orodha nyingi, na inawezekana kabisa kwamba wengi walioiandika wanaipenda nyingine zaidi. Karatasi haikuwauliza ipi inazishinda zote. Vichwa vya habari ndivyo vinavyotangaza "picha bora kuliko zote", na sisi tunabishana na vichwa vya habari.

Ijumaa, 14 Novemba

Jeanne Dielman (1975) ya Chantal Akerman. Dakika 201. Mjane wa Brussels, siku tatu: anapika, anatandika, anamlisha kijana wake, na mchana anapokea mwanamume anayemlipa. Kamera imesimama, haimfuati. Siku ya pili viazi vinaharibika jikoni, na kuanzia hapo utaratibu wake wote unaanza kufumuka, kidogo kidogo, mpaka damu.

Mama alipita akasimama kidogo. "Mwanangu, haya mimi nayafanya bure. Nikae niyatazame?" Akaenda kulala. Binamu alicheka kwa ushindi.

Kwa Mama sina jibu. Kwa Binamu ninalo. Mwaka 2012 picha hii haikuwamo hata kwenye thelathini za juu za kura ile, naye, kwa kauli yake mwenyewe, alikuwa akiipenda. Mwaka 2022 ikawa ya kwanza, ya kwanza kushika nafasi hiyo ikiwa imeongozwa na mwanamke, ndipo akaanza kuiona ndefu. Hayuko peke yake: Paul Schrader, mwandishi wa Taxi Driver, alilalamika hadharani kwamba kupanda kwa ghafla kiasi kile kunaitia doa kura nzima, huku akikiri kwamba picha ni kubwa. Lakini wapiga kura walikuwa 846 mwaka 2012, wakawa zaidi ya 1,600 mwaka 2022. Ukiwaita watu wapya, utasikia majina mapya. Kwa waalikwa walewale wa zamani, Touki Bouki ya Msenegali Djibril Diop Mambéty isingekuwa rahisi kufika nafasi ya 66.

Jumapili, 16 Novemba

Zamu yangu. Out of Africa (1985), na dada kakaa kando yangu kama wakili.

Nianze na haki yake. Muziki wa John Barry unapoinuka na ile ndege ndogo ikipita juu ya maji na ndege wa heroe wakiruka kwa maelfu, hata mimi nimenyamaza. Meryl Streep, akiwa Karen Blixen mwenye shamba, anaibeba.

Sasa hesabu. Uteuzi 11, Oscar saba, ikiwemo ya picha bora na ya mwongozaji, Sydney Pollack. Denys Finch Hatton, mpenzi wa Karen, alikuwa Mwingereza, lakini Robert Redford anamzungumzisha Kimarekani tupu. Mjomba aliamka Denys alipoanguka na ndege tu: "Huyu si ndiye stelingi?" Finch Hatton wa kweli alikufa hivyo, Voi, mwaka 1931.

Hayo ni madogo. Kinachoniudhi ni pale Karen Blixen anapompigia magoti gavana awaombee Wakikuyu wa shambani mahali pa kuishi. Ni tukio zuri, limechezwa vizuri. Ardhi inayozungumziwa ni yao, na wao hawasemi neno. Farah anaishia kuwa mtumishi mwaminifu, Kamante ni mguu wenye kidonda halafu mpishi. Dada akajibu kwamba hiki ni kisa cha Karen, kila kisa kina mwenyewe. Ni kweli. Ningekikubali hivyo kama kisingetuzwa kwa jina la bara zima.

Jumatano, 19 Novemba

Usiku ule wa Oscar, Machi 1986, The Color Purple nayo ilikuwa na uteuzi 11. Haikupata hata moja. Hadithi ya wanawake weusi wa Georgia ikaondoka mikono mitupu, na Afrika iliyoonekana kutokea verandani ikaondoka na saba.

Nadhani hapa ndipo ubishi wetu ulipokuwa ukipotea. Tumekuwa tukiuliza kama picha inastahili sifa, na hilo halina mwisho, maana kila mtu ana macho yake. La kuuliza ni sifa hiyo imefanya nini. Sifa za Kane zilifundisha vizazi vya wapigapicha. Ikichosha leo, imechoka kwa kazi. Sifa za Jeanne Dielman zimewapeleka watu kwenye picha ambayo wengi hawakuwahi hata kuisikia. Sifa za Out of Africa zimewauzia watu safari na machweo, na kwa miaka mingi mgeni akitaja sinema ya Kenya hutaja hiyo, ambayo si ya Wakenya.

Jumamosi, 22 Novemba

Swali hilo nimelipeleka kikaoni kama sharti la tatu: ukisema picha imesifiwa mno, uje na ile iliyonyimwa.

Dada kakubali kwa shingo upande, na kataka The Color Purple iwe ya wiki ijayo. Binamu hajapata ya kuleta. Mjomba akaona mtego na akaukanyaga makusudi: "Haya, Titanic yangu ilichukua 11. Ilimnyima nani?"

L.A. Confidential, nikasema. Mwaka uleule, uteuzi tisa, ikapata mbili.

"Sijawahi kuisikia."

"Basi Mjomba, umeshinda hoja yako."