Moshi wa Gari la Moshi

Walimu wenzangu mtakubaliana nami kwamba maswali mazito aghalabu hayatoki kwa mwanafunzi hodari, bali kwa yule anayelichukua neno kama lilivyo. Mwanafunzi wangu mmoja wa Lilongwe, mfanyabiashara ambaye husafiri kwa basi hadi Dar es Salaam kununua nguo, alinisikia nikifundisha "gari la moshi" akaniuliza: "Mwalimu, huo moshi uko wapi?" Nilimjibu kwa haraka kwamba hilo ni jina tu. Akacheka, akasema kwamba kwa Kichewa treni huitwa sitima, na meli nayo huitwa sitima.

Hapo nikanyamaza, maana niliona kwamba mimi na yeye tulikuwa tukiutaja mvuke ule ule bila ya kujua. Sitima ya Kichewa imetokana na jina la Kiingereza la chombo kiendacho kwa mvuke. Wakenya nao wana neno stima, ambalo siku hizi wanaliita umeme. Meli yetu wenyewe imetokana na neno la Kiingereza la barua, kwa kuwa zilizoleta barua pwani zilikuwa meli za moshi. Na reli ilifika Lilongwe mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati injini za dizeli zilikwisha kushika kazi. Watu wa mji huo, basi, wanataja kila siku kitu ambacho hakikupata kupita mbele ya macho yao.

Mimi mwenyewe ninakaa Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, kilomita zipatazo 45 kutoka Lilongwe. Ni kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, na Kiswahili chake ni cha Wakongo, Warundi na Wanyarwanda waliochanganyika. Jumamosi hushuka mjini kufundisha, nikiwa na barua ya ruhusa mfukoni, na jioni hurudi. Jioni ile nilikwenda moja kwa moja kwa jirani yangu, mzee wa Kalemie, ambaye katika ujana wake alitia kuni katika vichwa vya treni vya njia ya Kabalo.

Nilimwuliza yule atiaye moto huitwaje kwa Kiswahili. Nilikuwa nimekwisha kutunga jibu langu, "mchochezi", nikasahau kwamba neno hilo lingeweza kumfikisha mtu polisi. Mzee akanitazama kama fundi amtazamavyo mtu aliyeshika nyundo kwa kichwa chake.

"Mwalimu," akasema, "ninyi mnamwita mwendesha gari shofere. Shofere si mwendeshaji. Shofere ni mtu wa moto."

Nilipofungua kamusi ya Kifaransa nilimkuta yu sahihi. Neno lile asili yake ni mtu apashaye moto. Aliyekuwa akiendesha treni aliitwa mashinisti. Motokaa zilipokuja ndipo mtu wa moto alipopandishwa cheo, naye hajashuka tena.

Siku iliyofuata nilimwonyesha katika simu yangu picha za kichwa namba 5918, kiitwacho Mount Gelai, kilichohifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Ni kimoja cha vichwa 34 vilivyoundwa na kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester mnamo 1955 na 1956 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki. Uzito wake ni tani zipatazo 250, na katika njia ya upana wa mita moja hakuna kichwa cha mvuke kilichovishinda hivyo kwa nguvu popote duniani. Kila kimoja kilipewa jina la mlima. Gelai uko kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Shirika lililokibatiza hivyo lilivunjika mwaka 1977, na mlima wa Tanzania ukabaki Nairobi. Mwaka 2001 kilikuwa kimetengenezwa upya hata kikaenda tena kwa mvuke.

Mzee hakuyajali majina. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akauliza: "Mabomba waliyabadili?"

Nilidhani kazi kubwa ni magurudumu na rangi. La hasha! Ndani ya tangi la mvuke, alinieleza, hupita mabomba mengi membamba. Moshi wa moto hupita ndani yake, na maji huyazunguka kwa nje. Kichwa kikisimama miaka mingi, kutu huanzia humo, mahali jicho lisipofika. Fundi hana budi kuyatoa moja moja, kukwangua magamba ya chokaa yaliyoachwa na maji, kutia mabomba mapya na kuzipanua ncha zake mpaka zibane. Kisha, kabla ya kuwasha moto, tangi hujazwa maji baridi na kusukumwa kwa nguvu kupita ile itakayotumika kazini.

"Kwa nini maji?" niliuliza.

"Kwa sababu maji yakishindwa huvuja. Mvuke ukishindwa unaua watu."

Nikahesabu. Vichwa vya aina ya Gelai vilimalizika kuacha kazi mwaka 1980. Mafundi wa mwaka 2001 walikuwa nyuma yake kwa miaka ishirini tu, na hapana shaka walikuwapo bado watu wa kuulizwa. Leo imepita zaidi ya miaka ishirini mingine. Usiku ule nikanunua daftari.

Tuliketi jioni nne. Alinipa "kulaza moto", yaani kuufunika usiku ili usizimike wala usile kuni nyingi; "kunywesha", kujaza maji kituoni; na "kichwa kinatapika", maji yanapochukuliwa pamoja na mvuke mpaka kwenye silinda. Kamusi zangu zina maneno yote matatu, lakini maana hizi hazina. Jioni ya tano sikumkuta. Jina lake lilikuwa limetoka katika orodha ya waendao Kanada, na basi lilikwisha kumchukua kwenda uwanja wa ndege wa Lumbadzi, ambao ninaupita kila Jumamosi.

Neno namba 41 katika daftari langu ni "mama mkubwa". Limeandikwa peke yake, kwa kuwa alisema atalieleza kesho. Nilimpigia simu. Binti yake akanijibu kwamba mzee anasema hawezi kulieleza hewani. Nimtafutie kwanza picha ya chumba cha dereva cha kichwa chochote cha mvuke, mlango wa moto ukiwa wazi. Nimekwisha kumwandikia mwalimu mmoja wa Nairobi, naye ameahidi kwenda makumbusho na kamera.