Mama Akiita

Mama yangu huniita Maitu, yaani mama kwa Kikuyu, kwa sababu mimi ni binti wa pili na nilipewa jina la mama yake. Akipiga simu, neno la kwanza ninalosikia ni mama akimwita mama. Jumamosi ya kwanza ya Oktoba 2024 alipiga mara tatu na sikushika hata moja.

Nilikuwa kazini Ngara, kwa duka la vitambaa. Mwenye duka ni mzee wa miaka 78 na kila mtu anamwita Mataji: wateja, mafundi, hadi jamaa wa mkokoteni. Nilidhani ni jina lake tu. Kumbe maana yake ni mama wa heshima, na ndilo jina wanalomwitia pia mungu wao wa kike. Siku aliponiuliza natoka wapi nikamjibu Matasia, alicheka hadi akavua miwani.

"Mata-sia! Hata kwenu kuna Mama."

Nikamwambia hilo ni jina la huko Umaasaini, halihusiani na Kihindi.

"Sawa, beti," akasema. Beti ni binti. "Lakini mimi nimesikia Mama."

Nyuma ya kaunta kuna picha ya mwanamke mwenye sari nyekundu na mikono minane, amekaa juu ya simbamarara. Mimi nimelelewa katika kanisa ambalo picha kama hiyo ingekemewa hadi jioni. Mwezi wa kwanza nilikuwa napita pale kama mtu anayempita mbwa asiyemjua. Halafu siku moja hakukuwa na wateja, mvua inanyesha, nikauliza huyo ni nani.

Mataji alizaliwa Nairobi. Babu yake alitoka Punjab enzi za reli, wakati Waingereza walileta vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India kati ya 1896 na 1901. Serikali ilipotangaza mwaka 2017 kwamba Wakenya wenye asili ya Asia ni kabila la 44, anasema aliwanunulia watu wote wa duka chai na mandazi. Ni wa hapa. Lakini mara tatu maishani amepanda mlima wa huko, kwenye pango la Vaishno Devi, pale Himalaya inapoanza kuinuka upande wa Jammu.

Alinieleza kama mtu anayekuelekeza kwa shangazi yake. Unafika mji wa Katra, unajiandikisha, halafu unapanda kilomita kama 12. Wasiojiweza hupanda farasi au hubebwa kwa machela. Wenye doo huchukua helikopta. Usiku na mchana watu wanapanda. Mwaka 2023 walipita milioni 9. Njiani wanaitikiana "Jai Mata Di", vile sisi husema "Bwana asifiwe", na aliyeishiwa pumzi anainua mkono tu. Ukifika ndani hakuna hata sanamu. Kuna mawe matatu yaliyotokeza mwambani yenyewe, ambayo kwao ni Mama huyo mmoja kwa sura tatu: Mahakali, Mahalakshmi na Mahasaraswati.

"Unasimama mbele yake sekunde chache, mlinzi anakuambia songa. Umetembea usiku mzima kwa sababu ya hizo sekunde."

"Na si unachoka?"

"Huendi kwa sababu umepanga. Unaenda kwa sababu ameita. Asipokuita, hata na tikiti mkononi utarudi."

Jioni hiyo, ndani ya mat, niligugo. Pango la Vaishno Devi liko kwenye kimo cha karibu mita 1,585. Mji wa Ngong uko karibu mita 1,960, na kilele cha vilima vyetu ni kama 2,460. Yaani miaka yote nikishuka stejini Ngong kununua sukuma, nilikuwa juu kuliko mungu wa watu na sikujua.

Stori nyingine aliyonipa ni ya Sati, mke wa Shiva. Alipokufa, Shiva aliubeba mwili wake akizunguka dunia kwa uchungu, na Vishnu akaukatakata ili amtue mzigo. Kila kipande kilipoanguka pakawa patakatifu. Ulimi ulianguka Jwalamukhi, mahali ambapo moto hutoka kwenye mwamba bila kuni. Ni gesi, lakini hakuna anayeenda pale kuangalia gesi. Macho yalianguka Naina Devi, na naina ni macho.

Hapo nikamkumbuka Koko, bibi Mmaasai jirani yetu Matasia. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba jina la Ngong linatokana na enkong'u: jicho, na pia chemchemi. Kiswahili nacho kinasema jicho la maji. Na neno la Kimaa la Mungu ni Enkai, na hiyo "en" mwanzoni ni alama ya jinsia ya kike. Nilimwambia Mataji. Alipima mita mbili za satini, akakata, akakunja, ndipo akasema, "Unaona sasa?"

Mama yangu hana habari na hayo yote. Yeye ni mama wa kanisa, wa leso na Biblia yenye zipu. Nilizaliwa miezi saba, mdogo kuliko pakiti mbili za unga, na aliweka nadhiri kwamba nikiishi atapanda vilima vya Ngong kuomba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nikaishi. Akapanda miaka 26. Nilipokuwa mtoto nilienda naye, nikafurahia mahindi ya kuchoma ya kurudi nayo. Nilipohamia mjini akaanza kunipigia Ijumaa: "Maitu, kesho?" Nami: Mum, niko job. Mum, mwezi ujao. Mwezi ujao ukawa miaka minne.

Oktoba ile tulikuwa katikati ya Navaratri, usiku tisa wa Mama wa Mataji. Nairobi hii watu wanacheza garba, duara kwa duara, wakizunguka taa. Kila mtu anataka sketi ya kuzunguka nayo, na duka lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Simu ikatetemeka mfukoni, nikaiacha. Ikatetemeka tena. Ya tatu niliizima.

Saa kumi na moja dadangu akanitumia ujumbe. Mama alikuwa ameteleza akishuka, nyasi zilikuwa na umande. Vijana wa kuchunga ng'ombe walimbeba hadi kwa boda. Goti lilikuwa limevunjika.

Nilimkuta Matasia amelala na mguu juu ya mito. Nilianza kuomba msamaha nikiwa bado mlangoni: simu tatu, na mimi nikizima, na yeye chini pale akiita.

"Ile ya tatu ndiyo nilikuwa chini," akasema. "Hizo mbili nilikuwa juu. Nilitaka usikie upepo."

Wiki iliyofuata nilimwambia Mataji, naye akanipa stori ya mwisho. Bhairon Nath alimfukuza Mama mlimani. Mama akajificha miezi tisa katika kijipango chembamba pale Ardhkuwari, kama mtoto tumboni, na mahujaji bado hutambaa humo. Mwishoni alimkata kichwa, kikaruka hadi kilima kilicho juu zaidi. Bhairon akaomba msamaha akifa. Mama akamsamehe, tena akaagiza kwamba hija ya mtu haijakamilika mpaka apande na kwa Bhairon.

"Yaani aliyemkosea ndiye kituo cha mwisho?"

"Amemweka njiani," akasema. "Hakumtupa."

Jumamosi ya kwanza ya Novemba nilichukua matatu ya 111, nikalipa kiingilio kwa simu getini, nikapanda. Hakuna aliyenituma. Daktari alikuwa amemwambia Mama kwamba milima basi, na yeye hakusema kitu juu ya nadhiri. Alikuwa tu ameuliza leo ni tarehe ngapi.

Nilizipita zile mashine za upepo, nikahesabu vilele, nikakaa chini mara mbili na aibu yangu ya kukosa pumzi. Huku Nairobi imelala katika ukungu wake, huku Bonde la Ufa limefunguka kama mlango. Nilijaribu kuomba na maneno hayakuja. Nikapiga simu.

Alishika kabla ya mlio wa pili. Sikusema kitu. Niliinua simu juu, nikaishikilia hadi mkono ukachoka, kisha nikairudisha sikioni.

"Maitu," akasema. Akanyamaza kidogo. "Umevaa sweta?"

Sikuwa nimevaa.