Mke Wangu na Tarehe ya Muhuri

Mimi ni afisa elimu ya watu wazima. Kazi yangu ni kusaidia watu wajue kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini leo nataka nikueleze jinsi mimi mwenyewe nilivyoacha kusoma karatasi moja iliyokuwa ndani ya nyumba yangu. Kosa hilo lilikaribia kuivunja nyumba hiyo.

Ninaishi wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Wilaya yetu inapakana na nchi mbili, Rwanda na Burundi. Sisi Wahangaza tunasikilizana na Warundi bila mkalimani, kwa sababu Kihangaza na Kirundi ni lugha zinazokaribiana sana. Tunauziana ndizi, maharage na mbuzi. Tunakwenda kuzikana. Tunaoana pia. Kwa hiyo watu wengi hapa hudhani kwamba mpaka ni jambo la serikali tu, wala haumhusu mtu na mke wake. Mimi nami nilidhani hivyo.

Mwaka 2017 nilimpata mchumba. Alikuwa ametoka upande wa Muyinga, Burundi. Tulikutana sokoni Kabanga, karibu na mpaka. Baba yangu na wazee wawili walikwenda kwa wazazi wake. Tulitoa mahari, ambayo Warundi huiita inkwano. Pombe ya ndizi ilinywewa, ngoma zikapigwa. Baba mkwe akaniambia, "Mwanangu, kuanzia leo huyu ni wako."

Niliyapokea maneno hayo kwa furaha. Lakini, ndugu msomaji, maneno hayo yalikuwa ya baba mkwe. Serikali ilikuwa bado haijasema lake.

Mke wangu aliingia nchini kwa njia ya halali. Tulipita penye kituo cha mpaka, wala hatukupita porini. Alikuwa na hati ya kusafiria. Hakuombwa viza. Viza ni ruhusa ya kuingia katika nchi ya watu. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na raia wa nchi za Jumuiya hawahitaji viza kuingia Tanzania. Ofisa alimgongea muhuri tu, akatutakia safari njema.

Nilipoona viza haitakiwi, nikasema moyoni, "Mambo yamekwisha." Tulipofika nyumbani niliiweka ile hati ndani ya sanduku, chini ya kanga. Sikuusoma muhuri.

Siku za kwanza mke wangu alipata taabu ambazo sikuzitazamia. Burundi magari hupita upande wa kulia wa barabara, na huku kwetu hupita kushoto. Alipotaka kuvuka barabara kuu alitazama upande usiofaa. Siku moja nilimvuta mkono, lori likapita mbele yetu. Saa yake nayo ilikuwa nyuma ya saa yetu kwa saa moja, kwa sababu ndivyo saa za nchi hizi mbili zilivyo. Alikuwa akichelewa kliniki, watu wakamwita mvivu.

Jambo lililomwumiza zaidi ni kuitwa mkimbizi. Wilaya yetu ina historia ya wakimbizi. Mwezi wa Aprili mwaka 1994, zaidi ya watu laki mbili kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi. Warundi nao walikimbilia huku mara kadhaa. Lakini mkimbizi ni mtu aliyekimbia hatari, naye ana sheria yake. Mke wangu hakukimbia kitu. Alikuja kwa sababu ya ndoa.

Nilimwambia, "Njoo darasani jioni. Watu wakikuzoea watakuita kwa jina lako." Alikuja. Alikuwa amesoma Kirundi kidogo, kwa hiyo herufi alizijua. Lakini katika Kirundi herufi moja ya c husomwa kama ch yetu. Alipoandika chakula, aliandika "cakula". Darasa zima lilicheka, na yeye akacheka nao. Tangu siku hiyo akawa mwenzao.

Jioni moja somo letu lilikuwa kusoma tarehe. Niliwaagiza wanakisomo kila mmoja alete karatasi yenye tarehe kutoka nyumbani. Mmoja alileta kadi ya kliniki. Mwingine alileta stakabadhi ya kahawa. Mke wangu alileta hati yake ya kusafiria.

Bibi mmoja alikuwa amekaa karibu naye. Alikuwa amejua kusoma tarakimu kwa muda wa miezi minne tu. Aliweka kidole chake juu ya muhuri, akasoma polepole, kisha akainua kichwa.

"Mwalimu," alisema, "tarehe hii si imekwisha pita?"

Nilichukua ile hati nikaisoma. Ilikuwa kweli. Muda aliopewa mke wangu kukaa nchini ulikuwa umekwisha tangu miezi miwili. Kwa miezi hiyo miwili alikuwa amekaa nyumbani kwangu kinyume cha sheria, nami sikujua. Mwalimu wa kusoma hakusoma. Mwanafunzi wake ndiye aliyesoma.

Usiku ule sikulala. Nilikumbuka mwaka 2013. Mwaka huo serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma, kuwaondoa wageni wasiokuwa na kibali. Walikuwamo wanawake walioolewa hapa kwa mila, wenye watoto na mashamba. Wengi walikuwa na mahari iliyolipwa, lakini hawakuwa na karatasi. Jirani yetu mmoja aliondoka na mtoto wa mgongoni, akawaacha wakubwa kwa baba yao. Nilimwona kwa macho yangu. Niliona, lakini sikujifunza.

Asubuhi nikafanya kosa la pili. Nilimwendea mtu mmoja mjini, kishoka, aliyejidai kwamba anaweza kumaliza mambo ya uhamiaji kwa siku tatu. Aliniambia, "Wewe toa fedha, usijisumbue kwenda ofisini." Nilitoa. Siku tatu zikapita, wiki mbili zikapita. Simu yake haikupatikana tena, na fedha zangu sikuziona tena. Baadaye nilishukuru kwamba alikimbia. Kama angeniletea pasi ya bandia, mke wangu angebeba kosa kubwa zaidi mkononi mwake.

Basi nikamwendea mwenyekiti wa kijiji, nikamweleza yote. Tukaenda pamoja ofisi ya uhamiaji. Nilisema kweli. Ofisa alinisikiliza, akaniuliza, "Cheti cha ndoa kiko wapi?" Sikuwa nacho. Mimi nilimwona mke wangu, lakini yeye mezani pake aliona mgeni aliyepitisha muda. Tuliamriwa afuate utaratibu: arudi kwao, akachukue karatasi zinazotakiwa, kisha aingie upya na tufunge ndoa kwa sheria.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilimsindikiza mpaka mpakani. Alivuka peke yake na mfuko mmoja. Hakulia. Alinigeukia akasema, "Mume wangu, safari hii soma kila kitu." Kisha akaenda.

Alikaa kwao majuma saba. Nyumba yangu ilikuwa kimya. Mama yangu alikuwa akipika chakula cha watu watatu kwa mazoea, kisha anakumbuka. Niliogopa kwamba mtoto angezaliwa nami nikiwa upande mwingine wa mpaka.

Ndugu msomaji, sasa nitakueleza utaratibu niliojifunza kwa machozi, ili wewe uujue bila machozi.

Kwanza, mgeni wako aingie kwa njia ya kituo cha mpaka, agongewe muhuri. Usome muhuri huo siku hiyo hiyo. Uandike tarehe ya mwisho mahali panapoonekana.

Pili, fungeni ndoa inayotambuliwa kwa karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakubali ndoa ya dini, ya kiserikali na ya mila. Lakini ndoa yoyote inapaswa kuandikishwa. Wanaotaka kuoana hutoa taarifa siku 21 kabla ya ndoa. Taarifa hiyo hutangazwa, ili mwenye pingamizi aseme. Sisi tulifunga ndoa ya kiserikali katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Mke wangu alitakiwa kuleta cheti cha kuzaliwa na hati ya kuonyesha kwamba hana mume mwingine kwao. Karatasi zake zilikuwa za Kifaransa, kwa hiyo zilitafsiriwa kwanza.

Tatu, mkiwa na cheti cha ndoa, ombeni pasi ya mtegemezi katika Idara ya Uhamiaji. Pasi hiyo humruhusu mke au mume mgeni kukaa kwa mwenzake. Siku hizi maombi hujazwa kwa mtandao. Kama hujui kutumia mtandao, uliza ofisi ya uhamiaji ya wilaya. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali, nawe utunze stakabadhi. Usimpe mtu fedha mkononi. Pasi hiyo ina mwisho wake, na kabla ya mwisho huo iombwe upya. Tena, haimruhusu mgeni kuajiriwa. Kazi ya kuajiriwa ina kibali chake mbali.

Nne, ujue kwamba ndoa haimfanyi mtu kuwa raia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba uraia. Lakini inasema aombe wakati mume wake yu hai. Yafikirie sana maneno hayo. Mume akifa kabla, nafasi hiyo hufa naye. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu mtu asiye raia kugawiwa ardhi, isipokuwa kwa uwekezaji. Mwanamke anaweza kulima shamba miaka ishirini, kisha asijue ataitwa nani juu ya shamba hilo siku ya msiba.

Na wewe dada Mtanzania uliyeolewa na mgeni, ujue kwamba mume wako hana nafasi kama hiyo. Yeye huomba uraia kama wageni wengine, baada ya kukaa nchini miaka mingi. Wengi wetu tunaona jambo hili halina usawa. Lakini mpaka sheria ibadilishwe, pasi yake isipitwe na tarehe.

Tano, mwandikishe mtoto mara anapozaliwa. Usingoje aanze shule. Mtoto aliyezaliwa hapa, na mzazi wake mmoja ni raia, ana haki yake. Lakini haki isiyoandikwa ni ngumu kuidai.

Sisi tulifunga ndoa mwaka 2018, tumbo la mke wangu likiwa kubwa. Wanakisomo wote walikuja. Yule bibi aliyesoma muhuri alikuwa shahidi. Alipopewa kalamu, karani alimsogezea kidau cha wino ili atie dole gumba. Bibi alikisukuma pembeni, akaandika jina lake. Mtoto wetu alizaliwa majuma matatu baadaye, hapa hapa Ngara.

Siku hizi mke wangu ndiye anayesoma tarehe nyumbani kwetu. Ukutani ana kalenda. Tarehe ya mwisho ya pasi ameizungushia wino mwekundu, na miezi mitatu kabla yake ametia alama nyingine ya kunikumbusha. Mali bila daftari, wahenga walisema, huisha bila habari. Mimi nimejua kwamba hata mke anahitaji daftari.

Juu ya uraia, bado tunazungumza. Akiupata wa kwetu, hana budi kuukana wa kwao. Mama yake yuko kule, na kaburi la baba yake sasa liko kule. Mimi namkumbusha maneno ya sheria, kwamba nafasi yake ni wakati wa uhai wangu. Yeye hujibu, "Baba, najua. Nimeyasoma mwenyewe. Siku nitakapoamua, fomu nitaijaza kwa mkono wangu."

Simharakishi. Lakini kila nikikohoa usiku, namwona ameamka.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako kuna mtu aliyetoka nchi nyingine, usiku huu fungua sanduku. Toa hati yake. Someni tarehe pamoja.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwandishi alidhani kwamba mambo yamekwisha baada ya kutoa mahari?

2. Nani aligundua kwamba muda umepita? Jambo hili linatufundisha nini?

3. Kishoka ni mtu wa namna gani? Katika kijiji chenu mtu akitaka karatasi ya serikali aende wapi?

4. Kama ungekuwa wewe ni mke wa mwandishi, ungeomba uraia au ungengoja? Eleza sababu zako.