Waini ya Shangazi na Msimu wa Mpunga

Ifakara ya miaka ya mwanzo ya 2000 ninaikumbuka kwa joto, msururu wa baiskeli na vumbi la pumba kwenye mashine za kukoboa mpunga. Shangazi yangu alikuwa na duka upande wa Kibaoni. Aliuza soda, bia na waini ya Dodoma. Wanunuzi wa waini walikuwa hasa wenye harusi, kipaimara na komunio ya kwanza, maana Wakatoliki ni wengi pale.

Kila jioni kabla ya kufunga aliandika kwenye kauntabuku chupa zilizotoka, waini kwa kalamu nyekundu, vingine kwa bluu. Jirani mmoja mfanyabiashara alimshauri achukue mauzo ya waini ya mwaka mzima agawe kwa 12, aagize hivyo hivyo kila mwezi. Ilikuja kama chupa 30. Shangazi alikataa katakata.

"Mwanangu, Februari hela yote iko shambani. Subiri watu wavune uone."

Daftari lilimuunga mkono: Februari chupa 8 hivi, Julai 60. Kwa hesabu ya jirani, Februari mtaji ungelala stoo, na Julai tungewarudisha watu mikono mitupu. Tena waini haikai kama sabuni. Joto la Ifakara linaichachusha. Tulizilaza chupa sakafuni, chumba cha nyuma, chini ya magunia yaliyoloweshwa.

Kwa hiyo wastani wake ulikuwa wa msimu, akaugeuza kuwa wa siku. Msimu wa mavuno zilitoka chupa 2 kwa siku. Mzigo ulipita Morogoro, Mikumi na Kidatu, kisha barabara ya vumbi kupitia Mang'ula, na kiangazi ulichukua kama siku 10 tangu kuagiza. Zikibaki chupa 20 alikuwa amechelewa, ndiyo maana aliagiza zikiwa 30. Zile 10 za ziada zilikuwa za harusi ya ghafla.

Masika, matope baada ya Kidatu yaliweza kuongeza safari maradufu. Kwa mauzo ya msimu ule hilo halikumtisha. Kilichomnyima usingizi ni Pasaka: mauzo yanapanda ghafla wakati barabara iko katika hali mbaya kuliko zote. Wastani wa Machi haukuweza kuionyesha, kwa hiyo waini ya Pasaka iliingia stoo kabla ya mvua, ikiwa na hesabu yake peke yake, ya Pasaka zilizopita.

Miaka mingi baadaye lilijengwa daraja la Mto Kilombero, lenye mita 384, ambalo Rais Magufuli alilizindua rasmi Mei 2018. Watu wa Lupiro na Mahenge waliokuwa wakitegemea kivuko wakaanza kuja kununua Ifakara wakati wowote. Nilipomtembelea shangazi nilikuta kauntabuku mpya. Za zamani alikuwa nazo, ila alikataa kuchanganya hata mwezi mmoja wa enzi ya kivuko na mauzo ya sasa. Alikuwa anasubiri mavuno mawili yapite ndipo apige wastani mwingine.