Mtu wa Makutano Kisiwani Lamu

Mgeni ni kuku mweupe, walisema wazee, maana hata akijitia kati ya kuku wengine huonekana. Methali hii humfaa sana mtu wa milimani anapokwenda kukaa pwani, na zaidi akikaa kisiwani. Barani, mtu aliyechoshwa na ugeni huweza kufunga mzigo wake akarudi kwao hata kwa miguu. Lakini aliye kisiwani hurudi kwa idhini ya bahari. Watu wa Meru wana sababu ya kulijua jambo hili kuliko watu wengi wa bara, ijapokuwa kwao ni mbali na maji ya chumvi, na sababu hiyo itaonekana katika habari za karani mmoja aliyetoka Makutano.

Makutano hiyo ni ile iliyo kando ya mji wa Meru, mahali panapokutana njia, ndipo pakapata jina. Ni nchi ya baridi, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, nchi ya migomba na mibuni, na mto Kathita hupita karibu ukiteremsha maji ya Mlima Kenya. Mtu aliyezaliwa huko hana desturi ya kuuliza maji yako wapi wala yatakuja saa ngapi. Huyasikia usiku na mchana yakienda zake, wala hajapata kuyaona yakigeuka na kurudi yalikotoka.

Mwaka 2015 karani huyo alihamishiwa Lamu, akakaa huko miaka miwili. Alichukua sanduku la nguo, sweta mbili ambazo hakuzivaa hata siku moja, gunia la viazi, na daftari jipya, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuandika kila jambo. Alipofika Mokowe, mahali ambapo barabara ya bara huishia, alipanda chombo hata Lamu. Aliposhuka gatini akauliza gari la mizigo liko wapi. Vijana waliokuwapo wakamwonyesha punda.

Msomaji asiyefika Lamu na ajue kwamba mji ule wa mawe, uliotiwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia, una vichochoro vyembamba ambavyo gari haliwezi kupita, na mizigo mingi huchukuliwa na punda. Basi karani akamkodi punda, mizigo ikafungwa, naye akatangulia mbele pamoja na mwenye punda wakizungumza habari za safari. Walipogeuka nyuma punda hayupo. Alikuwa ameshika njia ya kwao, na alipopatikana amesimama mlangoni mwa bwana wake, gunia limepasuka, na punda mwenzake anaonja viazi vya Meru. Karani akaandika daftarini: "Lamu, usimtangulie punda." Hilo lilikuwa somo la kwanza, nalo lilikuwa rahisi.

La pili lilikuwa la lugha. Karani alikuwa amefaulu vizuri mtihani wa Kiswahili, tena aliwahi kusahihisha barua za wakubwa wake, akadhani kwamba katika jambo la kusema hatapata taabu. Asubuhi moja, mama mtu mzima aliyekaa nyumba ya pili alimwita kutoka mlangoni pake: "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Karani akaingia ndani mbio, akatoka na ndoo yake, akampelekea. Yule mama akaitazama ndoo, akamtazama karani, akacheka hata akashika ukuta. Kumbe alikuwa akimwita waje wale pamoja. "Kwetu," akamwambia, "ndoo ni kuja. Na njia ni ndia. Keti ule, na ndoo yako iweke hapo, hakuna atakayeiiba."

Karani aliona haya, lakini alikula, na tangu siku ile hakusahihisha tena Kiswahili cha mtu. Alikuja kufahamu kwamba Kiswahili sanifu alichosoma shuleni kilitokana na Kiunguja, kilichochaguliwa katika mkutano uliofanywa Mombasa mwaka 1928, na kwamba Kiamu kilikuwa kimekwisha tungiwa tenzi kubwa zamani sana kabla ya mkutano huo. Alichodhani kuwa ni makosa ya watu wa kisiwani kilikuwa lugha yao ya tangu zamani.

Taabu ya tatu ilimgharimu zaidi. Katika nyumba aliyopanga palikuwa na birika la maji bafuni, na ndani ya maji visamaki vidogo vikiogelea. Mtu wa milimani alishangaa kuona kwamba maji ya kuogea yameachwa yakae na samaki. Siku ya pili aliyamwaga yote, na visamaki pamoja, akalisugua birika kwa sabuni hata likang'aa, akajaza maji mapya. Zikapita wiki mbili, na nyumba ikajaa mbu kana kwamba wamealikwa arusi. Wiki iliyofuata karani alikuwa kitandani na homa ya malaria. Mwenye nyumba alipokuja kumjulia hali, alikwenda bafuni, akarudi akitikisa kichwa. "Ulifukuza walinzi," akamwambia, "sasa walalamikia wezi." Visamaki vile vilikuwa vikila viluwiluwi vya mbu ndani ya birika, na watu wa Lamu huvifuga kwa kazi hiyo. Jioni ile mwenye nyumba akaleta vingine katika kopo, akavitia birikani mwenyewe.

Katika mambo haya yote karani hakuwa mjinga. Alikuwa na elimu, na kila alilotenda lingekuwa jema kama angalilitenda Makutano. Taabu yake ilikuwa kudhani kwamba jambo lisilo na maana kwao halina maana mahali popote. Kosa kubwa la namna hiyo lilikuwa bado mbele yake, nalo lilihusu bahari.

Ng'ambo ya Lamu kipo kisiwa cha Manda, na katika Manda yamo magofu ya Takwa, mji wa Waswahili ulioachwa katika karne ya 17. Njia ya kuufikia kwa chombo ni mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko. Karani alitaka kuyaona magofu hayo. Jumamosi moja alisimama pwani akaona kwamba saa nne asubuhi maji yamejaa, akaandika daftarini: "Maji hujaa saa nne." Akapatana na nahodha mmoja mzee kwamba wataondoka Jumamosi ya pili yake, saa mbili, ili wafike wakati maji yamejaa.

Siku ilipofika, nahodha akamwambia, "Bwana, leo ingekuwa vyema tuondoke adhuhuri. Mwezi ni mpevu."

Karani akafungua daftari. "Mzee, mimi niliandika. Wiki iliyopita saa nne maji yalikuwa tele."

"Uliandika saa," akajibu nahodha, "mwezi hukuuandika."

Lakini karani alikuwa amekwisha lipa, naye nahodha hakupenda kushindana na mgeni. Akaongeza mtungi wa maji na mkate chomboni, akatweka tanga. Walipoingia katikati ya mikoko maji yalikuwa yanawakimbia. Ilipofika saa tatu chombo kiligusa tope, na baada ya kitambo kidogo kilikuwa kimekaa juu yake kama kuku juu ya mayai. Hapakuwa na njia ya kwenda mbele wala ya kurudi nyuma. Walikaa pale hata saa saba, jua likiwa utosini, na kaa wadogo wakitembea kando yao. Hapo nahodha akatoa mtungi na mkate, akaanza kumfundisha.

Alimweleza kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika mchana mmoja na usiku wake, lakini kila siku huchelewa karibu dakika 50. Zikipita siku saba, uchelewaji huo hufika kiasi cha saa sita, hata saa iliyokuwa ya kujaa hugeuka kuwa ya kupwa. Tena mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Na mwezi ukiwa nusu, maji huwa mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Karani aliandika yote. Kisha akauliza swali ambalo mwenyewe hakujua limetoka wapi: je, maji yakipwa hivi, mtu aweza kutoka Manda hata bara kwa miguu?

Nahodha alifikiri. Akasema kwamba upande wa bara upo mlango mwembamba uitwao Mkanda, ambao vyombo huungoja ujae ndipo vipite, kwa kuwa maji yakipwa hubaki haba sana. "Ajuaye mahali na ajuaye saa," alisema, "huenda akavuka. Asiyejua, tope litamshika kama lilivyotushika sisi."

Hapo ndipo karani alipokumbuka hadithi ya bibi yake.

Kila mtoto wa Meru aliyelelewa na wazee amesikia habari za Mbwaa. Husimuliwa kwamba hapo zamani mababu wa Wameru walikaa katika kisiwa cha jina hilo, chini ya mabwana walioitwa Nguo Ntuni, yaani watu wa nguo nyekundu. Mabwana hao waliwatesa kwa kuwapa kazi zisizowezekana. Walitumbukiza tunda katika shimo refu wakawaagiza walitoe. Wazee wakajaza shimo maji, tunda likaelea juu. Waliwataka washone kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wakakikata katika ngozi ya chini ya shingo ya ng'ombe. Mwisho wakaamriwa wafue mkuki utakaofika mbinguni, na hapo wakajua kwamba hakuna jibu ila kukimbia. Waliondoka wakaifikia bahari, kiongozi wao akayapiga maji kwa fimbo, maji yakaachana, watu wakavuka. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, yaani weusi. Wa alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Na waliovuka jua likiwaka wakaitwa Njeru, weupe.

Kisa hiki karani alikuwa amekisikia utotoni, akakiweka pamoja na ngano za sungura na fisi. Sasa, akiwa ameketi juu ya tope la Manda, alikitazama kwa jicho lingine. Wako wataalamu waliokwisha kukichunguza. Jeffrey Fadiman, mwanahistoria wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alieleza kwamba Mbwaa ilikuwa katika kisiwa hicho hicho cha Manda. Wengine hawakubali, wakisema kwamba hadithi kama hii haiwezi kupimwa kwa ramani. Jambo hilo haliamuliwi hapa. Lakini mtu aliyeona bahari ikiondoka chini ya chombo chake hawezi tena kucheka asikiapo kwamba maji yaliachana, wala kisa hakipungukiwi na heshima kwa kuwa kiongozi yule, pamoja na fimbo yake, aliijua saa.

Jioni ile karani alimpigia bibi yake simu huko Makutano, akamwomba amsimulie Mbwaa upya. Bibi alishangaa kwamba mjukuu aliyesoma anataka maneno ya wazee, lakini alisimulia. Ilichukua usiku watatu. Karani aliandika kila neno katika daftari lile lile lililokuwa na kosa la saa nne, na majina ya watu ambao bibi mwenyewe alisikia kutoka kwao. Bibi alifariki mwaka 2018. Wajukuu wake ni wengi, na wote walisikia kisa kile utotoni. Lakini walipokutana baada ya mazishi, kila mmoja alikumbuka kipande, wala hakuna aliyeweza kukitimiza. Kilichobaki kizima ni kile kilichomo daftarini.

Si mara hiyo moja tu Manda ilipata kukaliwa na watu wa mlima. Katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliwazuia wengi katika kambi za kisiwa hicho. Mmoja wao alikuwa Gakaara wa Wanjau, mwandishi wa lugha ya Kikuyu. Aliandika habari za siku zake za kifungo, akazihifadhi, na kitabu kilichotokana nazo kikapata tuzo ya Noma mwaka 1984. Wengi waliofungwa pamoja naye waliona mambo yale yale, wakafa nayo.

Basi ndugu wakulima na makarani, taabu za ugenini ni nyingi, na nyingi huchekesha zikiisha kupita. Mwenye punda, mama wa nyumba ya pili, mwenye nyumba, na nahodha, kila mmoja alikuwa na elimu ambayo haikuwamo katika cheti cha yule karani, wala hawakumnyima. Na nyumbani Makutano alikuwapo mwalimu mwingine ambaye karibu amsahau. Aliye na mzee nyumbani na aketi naye akiwa angali na nguvu ya kusema. Amwulize alikotoka babu yake, alivuka wapi, nani alimsimulia; aandike na tarehe, wala asisahihishe. Maji yakijaa hupwa, na saa yake haimngoji mtu.